Ganda la risasi: onyo limfikie fundi wa chuma pia

Mwezi wa pili wa mwaka 2025, kampi za wakimbizi wa vita kandokando ya Goma zilivunjwa kwa muda wa siku chache. Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine: vijumba vya turubai viling'olewa, watu wakabeba sufuria, magodoro na watoto, wakashika njia ya Sake, ya Masisi, ya Kibumba na ya Rutshuru. Wengi walikuta nyumba bila mabati na mashamba yakiwa msitu. Walikuta na kitu kingine. Pale juu ya vilima ambapo askari wa pande mbalimbali walikuwa wamechimba mahandaki yao, maganda ya risasi yametapakaa chini kama maganda ya maharagwe baada ya kupura.

Ganda la risasi halikai chini muda mrefu katika nchi yenye njaa. Mtoto huliokota kwa sababu linang'aa. Kijana huliokota kwa sababu amesikia kwamba mnunuzi wa chuma chakavu atampa kitu, hata kama ni bei ya sabuni tu. Mwindaji huliokota, au hutuma mtu amwokotee, kwa sababu nyingine kabisa, na ni hiyo isiyozungumzwa sana redioni. Hulipeleka kwa fundi wa chuma, yule anayefua majembe na visu, na wakati mwingine zile bunduki za kienyeji ambazo watu huita pupu. Swali ni lile lile kila mahali: «Muzee, hii haiwezi kujazwa tena?»

Jibu ambalo fundi hutoa ndilo linaloamua kama mtu atabaki na macho yake. Hata hivyo, katika kampeni zote zinazopita vijijini, fundi ndiye mtu asiyetembelewa.

Kampeni zenyewe ni nzuri, hilo lisemwe waziwazi. Kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kushughulikia mabomu ya kutegwa ardhini, UNMAS, kinafanya kazi Kongo tangu mwaka 2002, na mashirika mengine yamepita na picha zao za bomu na fuvu jekundu. Watoto wengi wa Kivu ya Kaskazini wanajua wimbo huo: usiguse, usikaribie, ita mkubwa. Shida ni kwamba mara nyingi mkubwa anayeitwa ndiye mwenye kiu ya kile chuma. Mtoto amefundishwa vizuri, anamwita baba, na baba anatia mfukoni. Hapo somo la shule limekwisha.

Kwa hiyo inafaa kuzungumza na wakubwa kwa lugha ya ufundi, kwa sababu mtu wa ufundi haogopi picha ya fuvu. Anaogopa kazi mbaya.

Kujaza risasi upya si jambo la ajabu duniani. Marekani kuna watu wengi, wawindaji na wapiga shabaha, wanaofanya hivyo nyumbani kwao kwa ruhusa ya sheria, kama vile wengine wanavyotengeneza redio. Wenye uzoefu humwambia anayeanza anunue nini? Si nyundo. Kitu cha kwanza ni kitabu, kitabu cha vipimo kilichoandikwa na kampuni inayotengeneza baruti au vichwa vya risasi, chenye kurasa nyingi za namba: ganda hili, kichwa cha uzito huu, baruti ya jina hili, kiasi hiki na usipite hapa. Cha pili ni mizani. Si ile ya sokoni ya kupimia unga. Ni mizani ndogo inayopima kwa kipimo kiitwacho greni, na greni 15 zote pamoja hazifikii gramu moja. Mizani hiyo inatakiwa kuonyesha hata sehemu moja ya kumi ya greni. Huyo anayeanza tena hushauriwa achague mashine ya kubana inayofanya hatua moja tu kwa wakati mmoja, iliyo ya polepole kuliko zote, ili asije akatia baruti mara mbili katika ganda moja bila kujua. Halafu kalibu za chuma za kulirudisha ganda katika umbo lake, chombo cha kupimia urefu hadi sehemu ndogo za milimita, na miwani ya kulinda macho. Baruti ananunua dukani ndani ya mkebe wenye jina, na fataki, kile kidude kidogo kinachopigwa nyuma ya risasi ili iwake, ananunua katika kisanduku chenye jina. Na bunduki yake imetoka kiwandani ambako chuma kimejaribiwa kabla ya kuuzwa.

Hata baada ya yote hayo, ajali hutokea huko. Mtu anachanganya mikebe miwili, au simu inalia wakati anapima, na bunduki inapasuka karibu na shavu lake.

Sasa fundi wa huku aangalie meza yake. Kuna nyundo, msumari, koleo, tupa, na baruti iliyotolewa ndani ya risasi nyingine iliyookotwa. Baruti hiyo inaitwaje? Hakuna anayejua, na macho hayawezi kusaidia. Ziko baruti zinazowaka taratibu na zinazowaka kwa haraka kubwa, na mbili kati yake zinaweza kufanana kwa rangi na kwa punje kama chumvi za maduka mawili. Ile inayowekwa ndani ya risasi za vita haina moshi mwingi na nguvu yake inapita mbali ile baruti nyeusi ya zamani ambayo mababu walishindilia katika gobole. Ukiweka kiasi kile kile kwa kijiko kile kile, kile kilichokuwa kishindo kinakuwa bomu. Bunduki ya kienyeji iliyotengenezwa kwa bomba la maji haikuzaliwa kwa nguvu hiyo. Bomba linafunguka mahali palipo pembamba, na aliye karibu zaidi ni yule aliyeishika. Mkono unaoshika hapo, kwa wengi, ndio mkono unaoshika jembe.

Kuna jambo lingine ambalo lingewafanya mafundi wengi waache mara moja kama wangeelezwa. Sehemu kubwa ya maganda yaliyo chini katika vilima hivi ni ya bunduki za aina ya Kalashnikov, risasi ya milimita 7,62. Maganda hayo kwa kawaida si ya shaba. Ni ya chuma cha pua kilichopakwa rangi au kilichovikwa shaba nyembamba juu ili kisishike kutu. Huko Marekani ambako watu wana mashine na vitabu, wengi hawahangaiki na maganda hayo, wanayatupa. Chuma chake hakikubali kunyooshwa mara nyingi kama shaba, na fataki yake imekaa kwa namna ambayo vyombo vya kawaida haviwezi kuitoa bila taabu: ndani kuna matundu mawili madogo pembeni badala ya moja katikati. Ndiyo kusema, kile ambacho fundi wa Masisi anaombwa akifanye kwa msumari ni kile ambacho mwenye karakana kamili hakitaki bure. Hata mnunuzi wa chuma chakavu hadanganyiki. Anapitisha sumaku ya spika ya zamani juu ya mfuko, vinanasa, na bei inaanguka. Kijana amezunguka handaki siku nzima, mahali ambapo bomu linaweza kuwa limelala, kwa ajili ya chuma cha bei ya misumari yenye kutu.

Na handakini hakuna maganda matupu peke yake. Wengi wanaamini kwamba risasi yenye alama ya kugongwa nyuma imekwisha kufa. Hiyo ni imani inayoua. Alama hiyo inaonyesha tu kwamba sindano ya bunduki iliigonga. Kama fataki haikuwaka siku ile, kwa unyevu au kwa ubovu, baruti bado imo yote ndani na kichwa bado kiko mahali pake. Askari aliivuta akaitupa, akaendelea na vita vyake. Inamngoja mtu wa kuigonga mara ya pili, na nyundo ya fundi inafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Halafu karibu na risasi ndipo ndugu zake wakubwa wanapokaa: guruneti, bomu la mota lililozama katika udongo laini, kichwa cha roketi ambacho hakikulipuka. Wakaaji wa Goma wanajua vitu hivyo hufanya nini. Tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi katika kampi za upande wa Mugunga na Lac Vert, na watu zaidi ya kumi wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Yale yaliangukia watu na kulipuka. Yale yasiyolipuka yako mashambani.

Liko pia jambo la risasi yenyewe, ile metali laini ya kijivu. Katika vijiji vingi mwindaji wa kalibre 12 asiyeweza kununua risasi za dukani huyeyusha risasi ya bateri za gari ili kupata vidonge vya kujazia. Huyeyushwa wapi? Juu ya mafiga ya nyumbani, katika sufuria iliyotoboka, watoto wakiota moto kando kwa sababu asubuhi kuna baridi. Moshi wake hauumizi koo, kwa hiyo hakuna anayekimbia. Lakini madini hayo yanaingia mwilini na kukaa, na kwa mtoto mdogo yanaharibu ubongo ambao bado unakua: anachelewa kujifunza, tumbo linamsokota, damu inapungua. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto ambacho kinajulikana kuwa salama. Katika vituo vyetu vya afya mtoto kama huyo atapewa dawa ya minyoo, halafu ya malaria, na hakuna atakayeuliza baba anayeyusha nini jioni. Mama anayesikiliza maneno haya anaweza kuuliza mwenyewe. Na sufuria ile isirudi jikoni hata ikisuguliwa kwa mchanga mara saba.

Mwindaji ana majibu yake, na si majibu ya mjinga. Nyani wanamaliza mahindi. Nguruwe wa porini anavuruga shamba la viazi kwa usiku mmoja. Aliyerudi kutoka kampi bila mbuzi hata mmoja anaona nyama ikipita mbele ya macho yake, na risasi ya dukani, kama ipo, inauzwa kwa bei ambayo mkulima haipati kwa wiki. Wengine husema wazi kwamba hawataki kulala bila kitu mlangoni baada ya yale waliyoyaona. Mtu anayekaa Kinshasa au Goma mjini na kuwaambia watu hao «sheria inakataza» amesema kweli, na hajasaidia chochote. Sheria ipo: ya uwindaji ni ya tarehe 28 mwezi wa tano mwaka 1982, ya silaha na risasi ni ya tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka 1985, na zote mbili zinataka ruhusa. Nani atatoa ruhusa hiyo leo katika kijiji ambacho kimebadilisha wakubwa mara tatu kwa miaka mitatu?

Lakini hapo hapo ndipo hatari nyingine ilipo, na wanaume wa vijiji wanaifahamu kuliko waandishi wa sheria. Katika eneo hili, nyumba inayokutwa na maganda kumi ndani ya mkebe haiulizwi kuhusu nyani. Inaulizwa ni ya upande gani. Kundi moja likiingia litasema ni nyumba ya Mzalendo, lingine likiingia litasema ni ya waasi, na mwenye mahindi hatapewa muda wa kueleza. Mkebe mmoja chini ya kitanda unaweza kuiondoa familia nzima kijijini kwa mara ya pili, ikiwa imerudi juzi tu. Kwa faida ya nini? Risasi tatu ambazo moja haitawaka, moja itapasua bomba, na ya tatu labda itamkosa nyani.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayofanya watu wasitoe taarifa, na hapa lawama haiwezi kubaki kwa wakaaji. Mama akiona kitu shambani na kwenda kwa chefu wa kijiji, swali la kwanza analopewa mara nyingi ni: ulikitoa wapi, nani alikionyesha, mume wako yuko wapi? Atajibu mara moja, na mara ya pili atanyamaza na kulima kwa kuzunguka kile kitu, akiwa na mtoto mgongoni. Wale wote wanaosema wanaongoza vijiji hivi, wawe nani, wangeweza kufanya jambo moja lisilo na gharama: kutangaza sokoni, siku ya soko, mbele ya watu, kwamba anayeonyesha risasi au bomu hataandikwa jina wala kuulizwa historia. Bila hilo, namba za simu zilizobandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya ni mapambo. Na pale wakubwa wasipoaminika, taarifa inaweza kupitia kwa pasta, padri, muuguzi au mwalimu, mtu ambaye kila upande unamhitaji akiwa hai.

Mashirika nayo yabadilishe ratiba. Saa moja shuleni ni sawa, ila saa ya pili iwe karakanani. Mafundi wa chuma katika kijiji kimoja ni wachache, wanajulikana kwa moshi wao, na wawindaji wanajulikana kwa mbwa wao. Wakae nao, wawaeleze habari ya baruti isiyo na jina, ya ganda la chuma, ya fataki iliyogongwa bila kuwaka. Fundi akielewa atawafukuza vijana yeye mwenyewe, na neno lake litakuwa na uzito kuliko bango. Wanunuzi wa chuma chakavu wa barabara ya Sake wasisahauliwe: wao ndio wanaoweka bei, na siku watakapokataa mfuko wenye ganda moja tu ndani yake, watoto wataacha kwenda handakini.

Kwa yule ambaye tayari ana mkebe nyumbani, ushauri wa watu wa kazi hiyo ni mfupi. Usiubebe kwenda nao kwa chefu, wala sokoni, wala kwenye moto. Usiutumbukize chooni, usiufukie shambani, kwa sababu mwakani utakuwa umesahau wewe na jembe halitasahau. Uache ulipo, watoto wahamie chumba kingine, na habari ipelekwe kwa mdomo tu. Kwa aliyekutana na kitu shambani: simama, rudi kwa nyayo zako zilezile, weka alama ukiwa mbali, jiwe au tawi au kitambaa chekundu, na uwaambie majirani kabla ya mtu mwingine kupita hapo. Watoto wa majirani pia, si wako peke yao.

Na fundi asiachwe mikono mitupu. Familia zilizorudi zinahitaji majembe, mapanga, bawaba za milango na misumari ya mabati, maana milango mingi imechomwa kuni. Mashirika yanayogawa majembe yanayaleta kwa lori kutoka mbali, wakati tanuru za Masisi na Rutshuru zinalala baridi au zinawashwa usiku kwa kazi isiyosemwa. Nusu ya majembe hayo yangeweza kuagizwa kwa mafundi wa hapo hapo, kwa sharti moja lililo wazi: chuma kitoke kwenye springi za magari, na katika karakana kisionekane kitu chochote kilichotoka handakini.